Mikro, jukwaa na kaye: niache lipi?

Swali limetoka kwa dada wa komini ya Katuba, Lubumbashi. Nimelifupisha, lakini maneno ni yake (kaye ni daftari):

"Mama, jambo. Nina miaka 27. Huu ni mwaka wa tano niko kwenye redio moja ya mtaa: asubuhi nafanya kipindi cha ba mama, na Jumamosi nasoma habari. Jioni mbili kwa juma niko na kikundi cha mchezo. Nyumbani nina kaye tatu za hadithi, hakuna aliyezisoma isipokuwa mdogo wangu. Mkubwa wangu wa redio ameniambia nichague, ama niwe mtangazaji ama mchekeshaji. Mjomba naye anasema mshika mawili moja humponyoka. Nichague lipi? Na hizo hadithi niziandike kwa Kifaransa, kwa Kiswahili cha vitabu, ao kwa Kiswahili chetu? Tena, siku kitabu kikitoka, kwenye jalada niweke jina langu ama lile la redioni?"

Binti yangu, nianze na mjomba, kwa kuwa kesi yake ni nyepesi. Methali yake inamhusu mtu anayefukuza sungura wawili wanaokimbilia pande mbili. Sungura wako ni mmoja: namna watu wa mji huu wanavyosema. Asubuhi unawasikiliza, jioni unawaiga, usiku unawaandika. Mweleze kwa heshima, mpikie sombe, umwache anung'unike.

Mkubwa wa redio ndiye mgumu, maana amepata nusu. Nikueleze kilichonipata mimi, utaona ni nusu ipi.

Nilikuwa nasoma habari kwenye redio moja hapa hapa mjini, na mwisho wa juma nacheza mchezo uliokuwa unapendwa sana. Nilikuwa mama muuza lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, anayeonja bidhaa yake kabla ya mteja. Juma moja kipindupindu kikaingia mitaani kwetu, nikapewa tangazo: chemsheni maji, nawieni mikono kwa sabuni, mgonjwa apelekwe haraka. Nilisoma bila kosa hata moja. Nikirudi nyumbani nikapita kwenye parseli ya jirani, nikakuta watoto wamejipanga na bidoni zao, mkubwa wao anatangaza "chemsheni maji" huku anayumba kama mlevi, kwa sauti yangu kabisa, na mama zao wanacheka hadi machozi. Nikaangalia kila mbabula, kila jiko la makaa, uani pale. Hakuna aliyekuwa ameweka sufuria ya maji motoni.

Kosa halikuwa la watoto, na wala la mama zao. Sauti ilikuwa ile ile. Walikuwa wamezoea kucheka wakiisikia, nami nilitegemea kwamba siku moja katika juma wataacha kucheka kwa sababu karatasi niliyoshika imebadilika.

Kwa hiyo ukiniuliza uache lipi, nakujibu: acha kusoma habari za Jumamosi. Kipindi cha ba mama kibaki, kikundi kibaki, kaye zibaki. Habari zinataka sauti ambayo mtu haijui kwa jambo lingine lolote. Kipindi chako cha asubuhi kinataka kinyume: kinataka mtu ambaye wasikilizaji wanajua anacheka vipi, anakasirika vipi, na jana alikula nini. Mkubwa wako ameona mgongano, ila ameuweka mahali pasipo pake. Mpelekee pendekezo hilo kabla hajakuamulia yeye. Mwambie nani anaweza kushika Jumamosi, na kwamba wewe uko tayari kumfundisha. Wakubwa wa redio wanapenda tatizo linalofika mezani na suluhisho lake.

Na kuna sharti lingine usilolitaja, nalitaja mimi. Wakati wa uchaguzi watakuja watu na bahasha, watataka ile sauti ya ba mama imsifie mgombea kwa sekunde thelathini, "ni mchezo tu, dada, si wewe ni mchezaji?" Hapo kazi zako mbili zinatumiwa kuua moja. Kataa. Coupage ya nauli, ile bahasha ndogo mwandishi anayopewa na mwenye habari, tunaijua wote, na sitajifanya mtakatifu mbele yako, lakini kuuza sauti ya kipindi ni kuuza kitu ambacho hukijenga tena kwa miaka mitano mingine.

Sasa, kama unafikiri wewe ni wa kwanza, sivyo. Mji huu umemlea Mufwankolo. Jina lake halisi ni Odilon Kyembe Kaswili, na kwa miaka mingi yeye na kikundi chake walikuwa redioni, kwenye televisheni na jukwaani, kwa Kiswahili cha hapa hapa, watu wakisimamisha bukari, yaani ugali, mkononi ili wasipitwe. Mwaka 1986 mtaalamu wa anthropolojia, Johannes Fabian, alifuatana nao tangu wazo la mchezo mmoja lilipozaliwa hadi lilipochezwa, kisha akauandikia kitabu kilichotoka 1990. Alichokikuta ni kwamba hapakuwa na maandishi ya kukariri. Walikaa, wakabishana juu ya msemo kuhusu utawala, wakakubaliana kisa kinaanzia wapi na kinafika wapi, nani anaingia lini, kisha kila mchezaji akaleta maneno yake mwenyewe. Fikiria hilo wakati unahangaika na kaye zako. Nitalirudia.

Ukivuka bahari utamkuta Louise Bennett wa Jamaika, waliyemwita Miss Lou, aliyezaliwa Kingston mwaka 1919. Alipata nafasi ya kusomea uigizaji London mwaka 1945, akafanya redio ya BBC, akarudi kwao akacheza jukwaani, akaendesha kipindi cha redio miaka mingi, na kuanzia 1970 hadi 1982 kipindi cha watoto kwenye televisheni. Huku na huku anaandika mashairi na kuyachapisha. Kusini mwetu, Afrika Kusini, yupo Gcina Mhlophe, aliyezaliwa 1958: alianza kwa kufanya kazi za nyumbani kwa watu, akawa msomaji wa habari redioni, akaandikia gazeti la watu waliokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma, akaigiza, akatunga michezo na vitabu vya watoto, na leo anajulikana zaidi kama msimuliaji wa hadithi. Tazama mfuatano wake: habari zilikuja mwanzo, akaziacha nyuma. Na hapa nchini kwetu, Bukavu, Caddy Adzuba ni mwanasheria aliyekuwa akitangaza kwenye Radio Okapi, na mwaka 2014 alipewa tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias huko Uhispania. Chouchou Namegabe, wa Bukavu pia, alitoka kwenye mikro ya Radio Maendeleo, mwaka 2003 akaanzisha chama cha wanawake wa vyombo vya habari vya Kivu Kusini, na 2009 alikuwa mbele ya maseneta wa Marekani akiwaeleza yaliyowapata wanawake ambao sauti zao alizirekodi. Hawa wawili hawakuhitaji jukwaa. Nawataja kwa sababu mjomba wako angewaambia nao wachague.

Turudi kwenye kazi yenyewe, maana naona swali lako la kwanza linaficha lingine. Hukuniambia kwa nini kaye tatu zimekaa bila kusomwa. Ulinitumia ukurasa mmoja, nao umenijibu. Umeandika hivi, juu ya makala, yaani makaa ya kupikia:

"Nilipofika sokoni niliona bei ya makala imepanda sana, nikarudi nyumbani nikiwa na huzuni kubwa."

Sentensi hii haina kosa la sarufi, na haina mtu ndani yake. Imeandikwa na msoma habari.

Tuifanye kwa mikono yako mitatu. Redioni usingesema hivyo hata siku moja. Ungesema: "Ba mama, mumefika ku soko leo? Makala! Mfuko wa makala! Jana tulilia, leo tulie namna gani?" Umerudia makala mara mbili kwa sababu msikilizaji hawezi kurudisha maneno nyuma. Yuko anakata sombe, mtoto analia, pikipiki inapita, na neno la kwanza limempotea. Umemwita kabla ya kumpa habari, ili ageuze kichwa. Hukutaja huzuni, ila ilikuwa kwenye pumzi uliyovuta kabla ya "leo".

Jukwaani ungefanya nini? Ungeingia na mfuko mtupu. Ungeuweka chini, ukautikisa, unga mweusi wa makala ya juma lililopita ukatoka kidogo. Mtoto angekuangalia, ungemgeuzia mgongo. Hakuna neno hapo, na ba mama wote ukumbini wanajua bei.

Kwenye ukurasa huna pumzi wala mgongo. Una alama za nukta tu. Mimi ningeandika: "Aliuliza bei ya makala. Akauliza tena, kana kwamba muuzaji alikosea mara ya kwanza. Akafungua ncha ya kikwembe, akahesabu, akafunga." Msomaji anaweza kurudi nyuma, kwa hiyo usimrudie neno. Anaweza pia kusimama, kwa hiyo mwachie mahali pa kusimama. Lile "akafunga" lifanye kazi ya ule mgongo wako.

Unaona ugonjwa wako? Ukifika mezani na biki, unawaacha mtangazaji na mchezaji mlangoni, unamwingiza mwanafunzi wa darasa la sita anayeogopa mwalimu wa insha. Kila kitu unachokijua juu ya kusimulia kinabaki nje. Basi fanya kama kikundi cha Mufwankolo. Usianze na kuandika. Kubaliana na mdogo wako kisa kinaanzia wapi na kinafika wapi, weka simu irekodi, kisha msimulie yeye. Msimulie hadi achoke. Kesho yake sikiliza, uandike kila neno kama lilivyotoka, na "eeh", na "unaona", na "njo vile". Kurasa kumi zitajaa. Halafu kata: toa kila ulichorudia ili asikie, toa kila ulichosema ili umwamshe asilale. Utabaki na kurasa nne. Nne hizo ndizo hadithi.

Kazi hizi pia zinaharibiana, usidanganyike. Kikundi kinakufundisha kurusha sauti hadi kwa mzee aliyekaa ukuta wa nyuma. Asubuhi yake unaingia studio na kifua hicho hicho, mikro inapasuka kwenye kila "p" na kila "b", fundi anashusha sauti, na ghafla ba mama wanahisi unawagombeza. Kaa umbali wa shubiri moja kutoka mikro, geuza mdomo kidogo pembeni, sema na mtu mmoja aliyeketi mbele yako kwenye kigoda. Mimi nilikuwa naweka kigoda kitupu studio. Walinicheka. Na usipange mazoezi ya jukwaa usiku wa kuamkia kipindi kama unaweza kukwepa. Tangawizi ni nzuri kinywani lakini koo lililochoka linataka maji na usingizi, na ukipata ukwaruzo usiokwisha kwa majuma matatu nenda kwa daktari, usinywe dawa za jirani.

Kuhusu ukumbi sitasema mengi. Mji huu ulijengewa jumba la kifahari la michezo ya kuigiza miaka ya 1950, na leo ndani yake wanakaa wabunge wa jimbo. Wengine watasema mchezo bado unaendelea humo. Sisi wengine tunacheza kwenye majumba ya parokia, kwenye Halle de l'Étoile tukipewa nafasi, na uani kwa watu.

Lakini kabla hujaendelea, uliza swali ambalo hukuniuliza: zile hadithi fupi unazosoma kwenye kipindi chako, ni za nani? Sheria yetu ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamtambua aliyetunga. Tatizo si sheria, ni karatasi. Kwenye redio nyingi za mtaa mtangazaji hana hata mkataba wa kazi, sembuse wa utunzi. Kwa hiyo jilinde kwa njia za mama wa soko: andika tarehe kwenye kila ukurasa wa kaye, piga picha, jitumie mwenyewe kwa simu. Na ukiletewa mkataba wa kusaini, tafuta mstari unaosema "haki zote". Ukiukuta, usisaini siku hiyo. Nenda nao nyumbani, umsomee hata mjomba. Siku hiyo manung'uniko yake yatakufaa.

Sasa lugha. Hapa nina ugomvi wangu wa zamani, nivumilie.

Ukiandika kwa Kifaransa utapata walimu, mashindano, na pengine mchapishaji wa mbali. Si aibu. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa mji huu aliyezaliwa 1981, anaandika kwa Kifaransa na anaishi Austria, na ukimsikia anasoma maandishi yake mbele ya watu na wapiga muziki utafikiri uko komini yetu ya Kamalondo Jumamosi usiku. Yeye amekiingiza kishindo cha hapa ndani ya lugha ile. Lakini wewe hukuniandikia kwa Kifaransa. Umeniandikia barua nzima kwa Kiswahili, ukisema "ao" na "ama" katika pumzi moja, na barua hiyo ni nzuri kuliko ukurasa wa makala.

Watakuambia Kiswahili chetu hakiandikiki. Waulize basi mwaka 1965 kilitokea nini. Mwaka huo André Yav aliandika historia ya mji, tangu kuja kwa Wabelgiji, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Ilipigwa taipu kwa Kiswahili cha Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, neno kwa neno kama boi alivyosema jikoni. Fabian, yule yule, aliichapisha upya mwaka 1990, na wasomi wanaichambua mpaka leo. Waandishi wake hawakumwomba mtu wa pwani ruhusa. Miss Lou naye aliambiwa kwamba lugha ya mitaani kwao ni Kiingereza kilichovunjika. Aliitungia mashairi maisha yake yote, na kitabu chake cha mwaka 1966 kiko mashuleni.

Hata hivyo, kushikilia kila neno la mtaa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kunachosha macho. Redioni "batu bote bako banangoya", yaani watu wote wanangoja, inaingia sikioni kama maji. Kwenye ukurasa, mistari mia mbili ya namna hiyo inamfanya hata mtu wa Kenya, namaanisha komini yetu ya Kenya, asome kwa kunyoosha kidole. Ningefanya hivi: masimulizi yawe kwa Kiswahili kilaini ambacho mtu wa Kalemie, wa Goma na wa Kigoma ng'ambo ya ziwa atakifuata bila jasho. Watu wakifungua mdomo, waseme chetu kabisa. "Shina na franga, ye mwenyewe anajua." Usiweke alama za nukuu za kuomba radhi, usiweke maelezo chini ya ukurasa. Msomaji wa Kigoma ataelewa "shina na franga", yaani sina pesa, kwa uso wa anayesema, kama sisi tulivyoelewa taarabu miaka yote bila kamusi.

Na chagua tahajia moja. Ukiandika "mutoto" ukurasa wa 3, usiandike "mtoto" kwenye kinywa cha mama yule yule ukurasa wa 9. Ukurasa wa mwisho wa kaye uwe orodha: batu, mutoto, njo, ao, shiko. Mimi sikufanya hivyo kwenye kitabu changu cha kwanza. Mpiga chapa "alinisahihishia" nusu, nusu akaiacha, na mhusika wangu anaanza sura akiwa Katuba na kuimaliza akiwa Unguja.

Kitabu hakitakulisha, ulijue. Chapisha kidogo kwanza, kiasi unachoweza kubeba kwenye teksi, ukiuze mwisho wa mchezo, mlangoni, wakati watu bado wanacheka. Hapo ndipo kazi zako tatu zitakutana uso kwa uso, na ndipo utajua ni ukurasa upi watu wanaufungua kwanza.

Limebaki la jalada. Weka jina ulilopewa na wazazi, kwa herufi kubwa. Lile la redioni liweke chini yake, dogo, ili ba mama wakutambue. Uliza watu kumi mjini Mufwankolo ni nani, wote watakuambia. Uliza Kyembe Kaswili, wengi watakuuliza anakaa avenyu gani. Yeye alilibeba jina lile na kikundi chake hadi likawa mwili wake. Lako je, nani alikupa? Kama ni redio, jua si lako. Mimi niliondoka kwenye ile redio yangu siku ya Ijumaa, nikaaga vizuri, wakanipa soda. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimewasha mbabula, nachemsha chai, redio ya jirani iko wazi. Nikasikia jina langu la redioni linawaamkia wasikilizaji, linawauliza wamelala namna gani. Sauti ilikuwa ya msichana nisiyemjua.